Nani Ameshika Usukani? Sauti na Asili za In the Court of the Crimson King

Oktoba 10, 1969 ilitoka nchini Uingereza santuri ambayo jalada lake la mbele halikuwa na neno hata moja. Kulikuwa na uso tu: mdomo umeachama, matundu ya pua yametanuka, macho yamekodolea kitu ambacho sisi watazamaji hatukioni. Aliyeuchora, Barry Godber, alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 24. Ukiweka sindano juu ya santuri yenyewe, mwanzoni karibu husikii kitu. Ni sauti hafifu, kama upepo unaopenya kwenye mabomba, kwa nusu dakika hivi. Halafu gitaa, besi na saksafoni vinalipuka kwa mpigo mmoja, na unaelewa mtu yule kwenye jalada anapiga kelele ya nini.

Hiyo ni In the Court of the Crimson King, albamu ya kwanza ya kundi la King Crimson. Ina nyimbo tano na urefu wa dakika 44 hivi. Wapenzi wengi wa roki progresivu, ule mkondo wa roki ulioacha nyimbo fupi za dakika tatu ukaanza kutunga vipande virefu vyenye sura kadhaa ndani yake, huihesabu kuwa ndiyo iliyofungua mlango. Kwa hilo sina ubishi. Ninachobishana nacho ni maelezo yanayofuata kila mara baada ya sifa hizo: kwamba albamu hii ni “mchanganyiko wa roki, jazi na muziki wa klasiki”.

Maelezo hayo si ya uongo, ila hayamfikishi msikilizaji popote. Kufikia 1969 kuchanganya kulikuwa jambo la kawaida. The Moody Blues walikuwa wameshatoa albamu nzima na okestra mwaka 1967. Kundi la The Nice lilikuwa likipiga kazi za watunzi wa klasiki kwa ogani ya umeme. Ukizisikiliza kazi hizo leo unazipenda, lakini unasikia mahali vitambaa viliposhonwa: hapa roki, pale okestra. Kwa King Crimson mshono hauonekani, na bado kila kitu kimebaki na rangi yake. Hilo ndilo la kueleza.

Ninavyoisikia mimi, siri iko kwa watu. Kila athari iliyoingia kwenye albamu hii ilikuwa na mwenyewe, mtu mmoja aliyeijua kwa mikono yake kwa sababu iliwahi kumlisha au kumfundisha nidhamu. Na kila wimbo humkabidhi mmoja wao usukani, wengine wakashika makasia.

Tuanze na Ian McDonald, kwa kuwa yeye ndiye husahaulika. Alijiunga na jeshi akiwa kijana mdogo, akawa mpigaji katika bendi ya kijeshi. Huko alijifunza klarineti, nadharia ya muziki na namna ya kuzigawia ala sauti: ipi ishike wimbo, ipi ijaze chini, ipi inyamaze. Alipofika King Crimson alikuwa anapiga saksafoni, filimbi, klarineti na vinanda. Anayesema albamu hii ina “klasiki” kwa kawaida anazungumzia kazi ya mtu huyu bila kumtaja jina.

Robert Fripp, mpiga gitaa, alitoka Wimborne, mji mdogo wa Dorset. Kabla ya umaarufu alikuwa akipiga katika bendi ya hoteli kule Bournemouth, kazi inayomtaka mtu asome noti, asikosee, na abadilishe mtindo kila wageni wanapotaka kucheza dansi nyingine. Alimpenda Jimi Hendrix, akampenda pia Béla Bartók, mtunzi wa Hungaria ambaye kwartet zake, yaani kazi za wapigaji wanne wa ala za nyuzi, zina makali ya wembe. Fripp hupiga gitaa akiwa ameketi kwenye kigoda, hata jukwaani. Ukiisikiliza mikono yake kwa makini unasikia huo utulivu wa mtu aliyeketi, hata pale gitaa linapoungua.

Greg Lake, mwimbaji, alijifunza gitaa kwa mwalimu yule yule aliyemfundisha Fripp. Kundi lilipohitaji besi, akaacha gitaa akashika besi. Michael Giles, mpiga dramu, alikuwa ameshapiga na Fripp katika kundi la Giles, Giles and Fripp, ambalo albamu yake ya 1968 haikuuzika. Wa tano, Peter Sinfield, hakupiga ala. Aliandika maneno, akaendesha taa za jukwaani, na jina la kundi lilitoka kwake.

Mazoezi ya kwanza yalifanyika Januari 13, 1969, katika chumba cha chini ya mkahawa mmoja kwenye barabara ya Fulham Palace, London. Julai 5 mwaka huo huo walikuwa Hyde Park wakiwatangulia The Rolling Stones mbele ya mamia ya maelfu ya watu. Miezi sita tu! Siku chache baadaye wakaingia studio ya Wessex, kaskazini mwa London, katika jengo lililowahi kuwa ukumbi wa kanisa. Walianza na Tony Clarke, mtayarishaji wa The Moody Blues. Hawakuelewana kwa namna walivyotaka kusikika, basi wakaamua kujitayarishia albamu wenyewe, jambo ambalo vijana wasio na santuri hata moja ya jina lao hawakuwa wakiruhusiwa kirahisi.

Wimbo wa kwanza, “21st Century Schizoid Man”, ndio unaowatisha wageni. Una kile kipande kifupi kinachojirudia ambacho wapigaji hukiita rifu, kinapigwa na gitaa, besi na saksafoni kwa pamoja, noti kwa noti. Sikiliza ujanja wake. Peke yake, gitaa lililokwaruzwa kwa umeme lingetoa rifu nzito kama nyingine nyingi za mwaka ule. Saksafoni ikipita juu ya mstari huo huo, sauti inapata pumzi, inakuwa kitu kama honi ya hatari. Unashindwa kusema ni ala gani unayoisikia. Noti zenyewe bado zina damu ya bluzi, tusidanganyane. Kilichobadilika ni mwili uliovishwa damu hiyo. Hata sauti ya Lake imekwaruzwa kwa makusudi mpaka inasikika kama inatoka kwenye redio mbovu, na maneno ya Sinfield yamekatwakatwa kuwa picha tupu zisizounda sentensi. Vita vya Vietnam vimo mle, pamoja na mabomu ya napalm.

Beti mbili zikishapita, roki inaondolewa kwenye usukani. Kasi inapanda, na anayeongoza sasa ni Giles.

Hapa naomba nikae kidogo, maana bila dramu za Giles albamu hii isingesimama. Mpiga dramu wa kawaida wa roki hupiga snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, kwenye pigo la pili na la nne, na kazi yake kubwa ni kuhakikisha hakuna anayepotea. Giles anafanya alichojifunza kwa watu wa jazi: pigo analijua, na kwa sababu analijua halazimiki kulitaja kila mara. Analizunguka. Anajibu sentensi ya gitaa kwa mkunjo mfupi kwenye ngoma ndogo, anaacha matoazi yalie peke yao, anaingia nusu hatua kabla ya pale ulipomtarajia. Kisha kinakuja kile kifungu ambacho kundi zima linapiga vijinoti vya haraka, linasimama ghafla, kimya, linapiga tena, kimya tena. Wote wanne wanasimama kama mtu mmoja. Kwangu mimi ukimya ule ndio sauti kali kuliko zote katika wimbo. Kelele mtu unaizoea. Ukimya uliokatwa kwa kisu vile huuzoei, hata ukiusikia mara mia.

Wimbo unaishia kwenye vurugu tupu, kila ala ikilia kivyake, sauti ya jazi huru ya miaka ile ya sitini, jazi isiyofungwa na mdundo wala wimbo uliopangwa. Na kabla hujavuta pumzi, filimbi mbili tatu laini zinaanza “I Talk to the Wind”.

Kuhusu huu nitasema machache, si kwa kuudharau. Ni wimbo wa McDonald na Sinfield, wa zamani kuliko kundi lenyewe, na unatokana na nyimbo za kienyeji za Uingereza: mwendo wa pole, maneno ya mtu anayezungumza na upepo usiomjibu. Kazi yake iko katika mpangilio. Ungewekwa popote pengine ungekuwa wimbo mzuri tu. Ukiwekwa pale, sekunde moja baada ya vurugu ile, unakuwa dawa juu ya jeraha. Watu wa King Crimson walielewa mapema kwamba albamu nayo ni utunzi, na kwamba kinachotangulia wimbo ni sehemu ya wimbo.

Ndipo tunafika kwenye “Epitaph”, na kwenye mashine iliyoipa albamu nzima hali yake ya hewa.

Watu wengi hudhani kuna okestra ndani ya albamu hii. Hakuna hata fidla moja. Kuna Mellotron, kinanda kilichotengenezwa Birmingham kwa kufuata wazo la Mmarekani Harry Chamberlin. Kwa nje ni kabati lenye vibonyezo 70, safu mbili za 35 zikiwa bega kwa bega. Kwa ndani, chini ya kila kibonyezo, kuna kipande cha mkanda wa sumaku chenye noti moja iliyorekodiwa kutoka kwa wapigaji wa kweli: fidla, filimbi, tarumbeta. Ukibonyeza, mkanda unagandamizwa kwenye roda inayozunguka na kuvutwa kupita kwenye kichwa cha kusomea. Unasikia fidla iliyopigwa miaka kadhaa nyuma, katika chumba kingine, na watu usiowajua. Ukiachia, springi inaurudisha mkanda mwanzo.

Sasa angalia upungufu wake. Mkanda ule una urefu wa sekunde nane tu. Hauzunguki, ukifika mwisho, sauti inakatika. Kwa hiyo mpigaji hawezi kulala juu ya noti kama anavyoweza kwenye ogani. Lazima ainue vidole na kushika upya, na kila anapoinua, okestra nzima inapumua. Tena kila noti ilirekodiwa kivyake, kwa hiyo ukizibonyeza nne kwa pamoja, zinakubaliana nusunusu, na mtetemo wa fidla moja hauendani na wa jirani yake. Na ukibonyeza vibonyezo vingi mno, mota inaelemewa, sauti inashuka kidogo, kama mtu anayelemewa na mzigo.

Wauzaji wa kinanda hicho walitaka kisikike kama okestra. Hakikuweza. Kinasikika kama kumbukumbu ya okestra, na kumbukumbu inayochakaa. Huzuni ya “Epitaph” imetoka humo. Wimbo unahusu mtu anayeitazama dunia iliyokabidhiwa mikononi mwa wasiojua wanalofanya, na anaogopa kesho. Fidla halisi ishirini zingeufanya kuwa mkubwa na mtamu. Fidla zilizokufa kwenye mkanda, zikifufuliwa sekunde nane nane, zinaufanya uwe wa kutisha.

Lakini mashine haitoshi. The Moody Blues walikuwa na Mellotron, na mpiga kinanda wao Mike Pinder aliwahi hata kufanya kazi kiwandani ilikotengenezwa. Beatles walikuwa wameshaitumia. Tofauti ni kwamba hapa iliwekwa mbele ya mtu aliyefunzwa kugawia ala sauti. McDonald habonyezi vibonyezo vinne akaridhika. Anarekodi tabaka juu ya tabaka, la chini likitembea taratibu wakati la juu limesimama, kisha la juu likashuka wakati la chini limetulia, kama anavyofanya mtunzi anayeandikia wapiga fidla wa kwanza, wa pili na wale wa ala nzito. Timpani za Giles, zile ngoma kubwa za okestra, zinaingia pale ambapo zingeingia katika simfoni. Katikati klarineti za sauti nene zinaleta mwendo wa maziko. Bendi ya jeshi hiyo, imerudi nyumbani. Na juu ya yote hayo Lake anaimba kwa sauti safi, kila silabi imetamkwa mpaka mwisho, kama mtu aliyesimama mbele ya kanisa. Hapigi madoido ya bluzi hata mara moja. Waimbaji wengi wa roki wa London wakati ule walijitahidi wasikike kama watu wa Chicago au Mississippi. Lake anasikika kama Mwingereza wa kusini, na hilo peke yake lilikuwa jipya.

Upande wa pili unaanza na “Moonchild”, nami nitasema wazi ninavyoona. Dakika mbili na ushei za mwanzo ni wimbo mdogo wa kupendeza. Dakika karibu kumi zinazofuata ni Fripp, Giles na McDonald, huyu sasa akiwa kwenye vibrafoni, ala ya vibao vya chuma vinavyogongwa, wakitunga papo kwa papo, kwa sauti ya chini kabisa, bila mdundo wa kushika. Wapo wanaosema ni kujaza nafasi. Mimi naona nia yao ilikuwa njema na sikio lao lilikuwa wazi: wanasikilizana, mmoja anadondosha noti mbili, mwingine anasubiri, wa tatu anagusa toazi kwa ncha ya kijiti. Kosa ni urefu. Mazungumzo yale yangekwisha kwa dakika tano, yote yakiwa yameshasemwa. Fripp na mwanamuziki Steven Wilson walipoichanganya upya albamu kwa ajili ya toleo la 2009, walipunguza kipande hicho, nami nilipokisikia kilivyofupishwa sikuona kilichopotea. Hata hivyo kipande hicho kinathibitisha ninalolisema. Katika “Schizoid Man” jazi ilikuwa na misuli. Hapa imepewa usukani peke yake, roki imeteremka chomboni, na tunajua sasa inaelekea wapi ikiachwa.

Tena kuna faida yake kimpangilio. Baada ya dakika kumi za kunong’ona, pigo la kwanza la wimbo wa mwisho linaingia kama mlango wa ngome unaofunguliwa kwa mateke.

“The Court of the Crimson King” ni wimbo wa McDonald na Sinfield, na una athari ambayo haitajwi sana: kanisa. Kile kiitikio kisicho na maneno, sauti za kwaya zikipanda juu ya Mellotron, ni tenzi. Ukikipunguza mwendo na kukipigia ogani ya bomba, waumini wangesimama. Beti kwa upande wake ni za gitaa kavu na masimulizi ya wafalme, wachawi na vikaragosi. Maneno hayo ya Sinfield yamechekwa sana baadaye, hasa baada ya makundi mengine kuyaiga bila kipimo. Mimi nayatetea kwa sababu moja. Katika albamu iliyoanza na napalm, ikulu hii ya kubuni si mahali pa kutorokea. Ni serikali ile ile imevishwa joho, na wanaocheza kwenye nyuzi ni sisi.

Wimbo unafika kileleni, unakwisha. Kimya. Kisha ogani ndogo kama ya gwaride la sarakasi inapiga ule wimbo wa kiitikio, peke yake, kitoto kabisa, halafu kundi zima linarudi na kuupiga kwa nguvu zote mpaka unakatwa ghafla.

Kama kuna anayedhani nimempa McDonald zaidi ya stahili yake, kipimo kipo. Desemba 1969, wakiwa ziarani Marekani, yeye na Giles walisema wanaondoka. Mwaka uliofuata Lake akaenda kuanzisha kundi la Emerson, Lake & Palmer. Fripp na Sinfield walibaki na jina, wakatoa albamu ya pili, In the Wake of Poseidon, Mei 1970. Cha ajabu ni jinsi walivyoifuata ramani ya ile ya kwanza: karibu na mwanzo kuna wimbo wa kelele wenye vifungu vya haraka, unafuatwa na wa upole, kisha mkubwa wa Mellotron. Lake alikubali kuimba sehemu kubwa yake kabla hajaondoka, na Giles alipiga dramu kama mgeni. Kipande kimoja kirefu kilitokana na “Mars” ya mtunzi Gustav Holst, yenye mapigo yake matano matano, ambayo kundi lilikuwa likiipiga jukwaani tangu 1969. Yaani gitaa ni lile lile, dramu ni zile zile, sauti ni ile ile kwa sehemu kubwa, mshairi ni yule yule, na kinanda ni cha aina ile ile.

Tofauti ni aliyeketi mbele ya kinanda. Safari hii Mellotron ilipigwa na Fripp mwenyewe. Fripp ni miongoni mwa wapiga gitaa ninaowaheshimu kuliko wote, na alichokifanya baadaye na King Crimson, hasa kuanzia 1972 alipomchukua Bill Bruford kwenye dramu, kilikwenda mbali kuliko albamu hii. Lakini weka ule wimbo uliobeba jina la albamu ya Poseidon baada ya “Epitaph” usikilize. Fidla za mkanda zimo, kubwa, nzito, za kupendeza hata. Zinasonga zote kwa pamoja, kama ukuta. Hakuna sauti ya chini inayotembea wakati ya juu imetulia, hakuna klarineti inayongoja zamu yake. Ni mpiga gitaa anayebonyeza kinanda, na sikio linamtafuta yule mpiga bendi wa jeshi halimpati.

Mwaka 2010 rapa Kanye West alichukua kipande cha “21st Century Schizoid Man” akakijengea wimbo wake “Power”, na kizazi ambacho hakikuwahi kugusa santuri kikaisikia sauti ile ya Lake iliyokwaruzwa. Wengi walikwenda kuutafuta wimbo wenyewe. Kama nawe ulifika kwa njia hiyo, usiishie kwenye rifu. Ngoja vurugu iishe, usiguse kitu, uiache filimbi iingie.